Mishale Kwenye Mwamba Mweusi wa Busongola

Mgeni rasmi, Daktari Amira Zamoyoni, kiongozi wa utafiti wa safari za kale za ardhi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa kitongoji, Mwalimu Mkuu uliyetuazima darasa, wazee wetu, vijana wachimbaji wa maduarani na akina mama wenzetu: wanaostahili shikamoo tunawapa, na waliobaki hamjambo.

Sisi ni akina mama wachenjuaji wa Busongola, nje kidogo ya Masumbwe. Kazi yetu mnaijua. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake unakuja kwetu, tunauosha kwenye karai, tunautoa mchanga mweusi kwa sumaku, na kinachobaki mwenye mawe anaondoka nacho. Leo tumeombwa tuseme kwa niaba ya wakazi wote. Wanaume walitaka kuiandika wao risala hii. Tukawakumbusha kwamba iliyopita waliiandika wao, ikaomba barabara, kisima, umeme, zahanati na uwanja wa mpira, na mgeni akasinzia kwenye kisima. Hii yetu itaomba machache, lakini tunakuomba usisinzie.

KARIBU BUSONGOLA

Mgeni rasmi, karibu. Mara ya kwanza ulikuja na gari lenye ngazi juu, tukakutazama kwa jicho la pembeni. Mara ya pili ulikuja peke yako, ukakaa kwenye kigoda jikoni kwa mwenzetu Anisia, ukala kiporo cha viazi bila kuulizwa kama unakula viazi. Leo umekuja na picha ya dunia. Tumefurahi kwa mara zote, hata ile ya kwanza, ingawa furaha ya ile ya kwanza imechelewa kufika.

Na ili asiyejua habari zetu asikilize akiwa ametulia, tunatanguliza hili: Innocent, kijana wa Anisia, yupo humu ndani. Amekaa mstari wa tatu karibu na dirisha, amevaa shati la kijani, anakula karanga. Tulipoanza kuandika, Anisia alitaka jambo hilo liwe la kwanza kabisa, kabla hata ya majina ya viongozi. Tukamwambia itifaki haikubali. Akasema basi liwe la pili. Ndilo hilo tumelisema.

HISTORIA FUPI YA WATAFITI NA SISI

Hapa petu watafiti si wageni. Tangu tukiwa wasichana tumewaona wakipita na nyundo na mifuko ya udongo. Ukiwauliza wanatafuta nini, wote jibu lao moja: hawatafuti dhahabu. Wanachukua udongo tu, wanapima maji tu, wanaangalia mimea tu. Mvua za mwaka unaofuata zikinyesha, mahali walipopita pana uzio, na aliyekuwa na shamba la pamba pale anaonyeshwa njia ya kuzunguka. Hatusemi hivyo ili kumlaumu mtu aliyekaa hapa. Tunasema ili mjue kwa nini yaliyotokea yalitokea, maana mtu wa Dar es Salaam anaweza kudhani vijana wetu hawana akili. Akili wanazo. Walifikiri sawasawa kabisa, ila walianzia pabaya.

Ulipokuja na wanafunzi wako, mgeni rasmi, mlikwenda moja kwa moja kwenye ule mwamba mweusi unaopita nyuma ya shule kama ukuta uliofukiwa. Huo mwamba sisi tunaujua. Karasha linauchukia, ukipeleka jiwe lake moja, mwenye mashine anakufukuza. Hauna kitu. Sasa ninyi mkautoboa vitundu vinavyoingia kidole gumba, mkachomoa vipande mviringo kama chaki za mwalimu, mkavifunga kwenye karatasi laini kama mayai. Na kando ya kila kitundu mwanafunzi wako, Alois, akachora mshale mweupe. Mishale yote ikatazama upande mmoja.

Makoye, msimamizi wa duara, yaani shimo la dhahabu, ambaye naye yupo hapa na asikunje uso, alimwendea Alois akamsalimia vizuri.

"Mdogo wangu, mnatafuta nini?"

"Tunatafuta hii ardhi ilikuwa wapi zamani."

"Ilikuwa hapahapa. Mimi nimezaliwa nayo."

Watu wakacheka, na Alois akacheka. Makoye akanyoosha kidole.

"Na huo mshale?"

"Unaonyesha kaskazini."

"Kaskazini kuna nini?"

"Kaskazini tu, kaka."

Makoye akawageukia wenzake. "Mmesikia? Kaskazini tu."

Alois alisema kweli tupu. Lakini kwa masikio yaliyokwisha kuambiwa udongo tu, maji tu, mimea tu, hiyo "kaskazini tu" ilikuwa kama kukabidhiwa ufunguo. Gari lenu halijafika lami, vijana walikuwa wameshafuata mishale mpaka kwenye korongo lililo nyuma ya shamba la pamba, na jembe limeshapigwa.

YALIYOMPATA MWENZETU ANISIA

Sehemu hii kwa kawaida huitwa changamoto. Sisi tumeiita jina la mwenyewe.

Anisia alikuwa na kijana mmoja tu aliyebaki nyumbani. Wengine wameolewa, mwingine yuko Ushetu kwenye tumbaku. Innocent alipomwambia anaingia kwenye duara jipya, Anisia alikuwa akichambua maharage, akaacha.

"Ule mwamba hata karasha linaukataa."

"Mama, hatuchimbi mwamba. Tunachimba unakoangalia mshale."

"Nani kakwambia mshale unaangalia dhahabu?"

"Mtu mwenye kompyuta hawezi kutoka Dar es Salaam kuja kuchora mshale wa bure."

Anisia akarudi kwenye maharage yake. Ukweli ni kwamba na yeye alikuwa akijiuliza hivyohivyo. Sisi sote tulikuwa tukijiuliza, na wapo kati yetu walioanza kupanga bati za nyumba kichwani. Ila Anisia ni mtu wa hofu. Akiona wingu anatoa nguo kambani. Akisikia pikipiki usiku anahesabu watoto wa watu. Hofu yake hiyo tulizoea kuicheka.

Korongo lile ni la udongo mwekundu uliolegea, unaokatika kama mkate uliolowa, ila upande mmoja umeegemea ule mwamba mweusi unaofika mpaka huko. Walipofika kimo cha mtu wakaosha karai moja, wakaona unga kidogo wa njano. Mgeni rasmi, wilaya yetu yote ya Mbogwe ukiosha karai huwezi kukosa unga kidogo wa njano. Lakini siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia maneno hayo. Makoye alisema mshale umejibu. Wakashuka zaidi, na matimba, yaani ile miti ya kuzuia udongo, wakayafunga mdomoni tu, chini wakasema wataweka dhahabu ikionekana.

Kule chini hewa inapelekwa kwa mpira mrefu, unasukumwa na mashine inayoendeshwa na jenereta. Sauti ya jenereta hiyo inafika mpaka kwenye mialo yetu tunapooshea. Basi Anisia akajiwekea utaratibu: jenereta likinguruma, anaosha, likinyamaza, anasimama wima na mikono inayotiririka maji, anatega sikio mpaka liwake tena. Mwenzetu Suzana alikuwa akimtania: "Mama Innocent, unasikiliza jenereta kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari." Naye anajibu, "Habari zangu zote ziko humo."

Siku yenyewe ilitanguliwa na mvua. Asubuhi jua likawaka vizuri, jenereta likawashwa, Anisia akaketi kwenye karai lake akiwa na amani kuliko siku nyingine. Na jenereta halikuzima. Hilo ndilo lililomuumiza baadaye. Lilikuwa linanguruma vilevile wakati kijana wake ameshafukiwa, na yeye anaosha, tena alikuwa akituhadithia habari ya harusi ya kule Songwa. Tuliposikia rimu ya gari, ndiyo kengele ya hatari ya duarani, ikigongwa kule korongoni, hakuna aliyeuliza. Makarai yalibaki yamemwagika, tukakimbia.

Tulimkuta Agapiti, mwenzake Innocent wa duarani, ametolewa, matope mpaka kwenye meno. Alikuwa anasema neno moja tu, "Alikuwa nyuma yangu, alikuwa nyuma yangu." Mdomo wa duara ulikuwa umejaa. Kilichokuwa kimesimama ni ule mpira wa hewa tu, umetoka kwenye udongo kama mkia.

Makoye akazima mashine ili asikie. Akauinamia mpira akapiga kelele, "Innocent!" Kimya. Akapiga tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kimya. Wanaume wakaanza kushika vichwa, na mwanamke mmoja akataka kuanza kilio, tukamziba mdomo kwa kanga.

Anisia akamwondoa Makoye pale, kwa bega, bila kumwangalia. Akapiga magoti. Hakupiga kelele. Aliongea kama anavyoongea mlangoni asubuhi akimwamsha.

"Innocent. Ni mama."

Tulisikia nzi. Kisha kutoka ndani ya mpira, kwa mbali, kama mtu anayesemea kwenye dumu, ikaja sauti:

"Shikamoo, mayu."

Mgeni rasmi, kwetu huwezi kuanza maneno na mama yako bila shikamoo, hata kama umelewa, hata kama mmegombana. Yule kijana alikuwa chini ya udongo, na hakuweza kuanza na "nisaidieni" kabla hajamwamkia mama yake. Pale ndipo tulipojua kwamba yupo mzima na kichwa chake kizima. Wanaume wenye ndevu waligeuka wakatazama pamba.

"Marahaba, ng'wanone. Umeumia?"

"Mguu. Timba limeulalia."

"Unapumua?"

"Napumua mkiwasha mashine. Mwambie Makoye awashe. Tena asije kwa juu, udongo unanimwagikia. Aje kwa upande wa mwamba mweusi, ule haumwagiki."

"Nimesikia."

"Na wewe mama usikae ukingoni, patakatika."

"Nani anamkataza nani kukaa ukingoni?"

Watu wakacheka. Tunajua si pahali pa kucheka, lakini tulicheka, na Innocent naye tukamsikia akikohoa kicheko kule chini. Kisha mashine ikawashwa, na hatukuweza kumsikia tena, maana hewa na maneno vinapita kwenye mpira uleule na ilibidi kuchagua.

Vijana wa maduara yote ya jirani walikuja, hata wale waliokuwa hawasalimiani na Makoye. Walichimba wakiegemea mwamba mweusi, na mwamba ule haukutikisika. Sisi tulipokezana ndoo. Kila baada ya muda mashine ilizimwa kidogo, Anisia anasema, "Innocent," naye anajibu, "Nipo," mashine inawashwa. Hakuna kingine walichosema. Jua lilikuwa bado liko juu ya miti ya shule walipomfikia, wakakata lile timba, wakamtoa kwenye mwanga.

Anisia hakulia. Aliomba maji, akamwosha uso, akamwosha masikio, akarudia masikio, mpaka dereva wa bajaji akamwambia, "Mama, twende, hayo mengine utamwoshea huko mbele." Mguu ulikuwa umevunjika. Ulifungwa, umeunga, leo amekuja hapa kwa kutembea, ana kijiti tu na tunaona anakitumia zaidi wasichana wakipita.

Kesho yake sisi akina mama tulikwenda na brashi za chuma tukaifuta mishale yote. Tunakutaarifu rasmi, kama hukuwa umejua nani aliifuta. Kisha Mwenyekiti akapiga simu, na wewe ukaja.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ya kwanza ni yale mazungumzo ya jikoni. Anisia alikuwa amejiandalia maneno makali, amekesha nayo. Ulipoingia ukasema, "Mama Innocent, tulichora kabla ya kuzungumza na ninyi. Nimekuja kuzungumza." Maneno makali yakabaki bila kazi. Akakuuliza tu, "Daktari, ule mshale ulikuwa wa nini?"

Hukumjibu kwa mdomo. Uliomba karai lake na sumaku yake, ile aliyoitoa kwenye spika mbovu. Ukapitisha sumaku chini ya karai lenye mchanga mweusi, na mchanga ukasimama vinywele vinywele, vyote vinatazama upande mmoja. Hilo tunaliona kila siku ya Mungu, hatukuwahi kulifikiria. Ukasema: ule mwamba ulipanda kutoka chini ukiwa uji wa moto, zaidi ya miaka milioni elfu moja iliyopita, na ndani yake kulikuwa na vumbi la chuma kama hili. Dunia yenyewe ni sumaku. Mwamba ulipopoa, vumbi lile liligandia humo likiwa limetazama kaskazini ya siku hiyo. Kama limelala, nchi ilikuwa karibu na mstari wa ikweta. Kama limesimama wima, nchi ilikuwa kule kwenye barafu. Ndiyo maana ukitoa jiwe lazima uweke alama lilikuwa limekaaje. Ukilitoa bila alama, linasahau kila kitu.

"Kwa hiyo mshale ni wa kukumbuka lilivyolala," akasema Anisia.

"Ndiyo hivyo tu."

"Dhahabu hakuna."

"Hakuna. Na uzio hautakuja. Mwamba ule hauna mtu wa kuutaka isipokuwa mimi."

Akakuuliza kama hiyo ardhi inatembea mpaka leo. Ukamjibu inatembea. Tunaambiwa alishika kigoda. Akauliza inatembea kwa kasi gani, ukamwambia kama kucha zinavyoota. Akazitazama kucha zake akasema, "Za kwangu hazijawahi kufika popote, zinaishia kwenye karai." Hapo ndipo mlipocheka wote wawili, na ndipo viazi vikatoka.

Mafanikio ya pili ni ya asubuhi hii. Tumeziba madirisha ya darasa kwa magunia ya pamba, tumeiona dunia ukutani ikirudi nyuma. Tumeona mabara yakiachana na mabara yakikumbatiana, yanageuka kama watu wanaotafuta pa kulala kwenye kitanda kidogo. Suzana anasema Afrika ilipoinama alishika benchi. Umetueleza kwamba hakuna aliyepiga picha hiyo, kwa kuwa hakukuwa na mtu. Mmekusanya mawe kama yetu kutoka nchi nyingi, kila jiwe na umri wake na lilivyokuwa limetazama, mkaipa kompyuta, nayo ikawa inajaribu. Inaweka kipande hapa, kinagoma, inakisogeza, inajaribu tena, kama mtu anayetafutia sufuria vifuniko siku ya harusi. Na ukasema waziwazi kwamba yawezekana mmekosea mahali, na jiwe moja jipya linaweza kusogeza kila kitu. Tulipenda hilo. Watu wanaokuja hapa na mashine huwa hawasemi kwamba yawezekana wamekosea.

Kisha ukatuonyesha pande letu la ardhi lilipokuwa limewekwa kabla mawe yetu hayajapimwa, na lilipokaa baada ya kupimwa. Lilikuwa huku, sasa liko kule. Mawe ya Busongola yamesogeza nchi nzima kwenye ramani ya dunia. Hakuna aliyewahi kutuambia jambo kama hilo.

Mzee Ibrahimu wa duka la vipuri akauliza kibla ilikuwa upande gani wakati huo. Ukamjibu kwa heshima kwamba hata Maka yenyewe haikuwa ilipo, wala hapakuwa na wa kuswali. Mzee akashusha pumzi, "Basi hakuna swala za kulipa."

Kwa hiyo, mgeni rasmi, tulikuja hapa na mizigo mitatu: hofu ya uzio, hofu ya ardhi kukimbia na sisi juu yake, na hofu ya duara. Miwili umetutua. Asante, wabeja sana.

JAMBO TULILOLIONGEZA WAKATI WA CHAI

Risala hii ilikuwa imekwisha jana, na mwisho wake ulikuwa wa shukrani. Sehemu hii imeandikwa sasa hivi huko nje, juu ya kifuniko cha sufuria, mtusamehe mwandiko.

Kwenye picha yako, mahali yalipotoka mawe yetu umeweka doa jekundu. Wewe uliliweka ili tujione. Wakati wa chai Anisia alikuwa akipita na birika, akamsikia Makoye akiwaambia wenzake, si kwa siri wala kwa ubaya, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu:

"Mmeliona lile doa? Dunia nzima ile, doa liko kwetu."

"Yapo na madoa mengine," akasema Agapiti.

"Hayo mengine ni migodi ya watu wengine."

"Lakini Daktari amesema hakuna kitu."

"Na kaskazini walisema kuna nini? Lakini unga wa njano tuliuona. Tatizo letu tulichimba mvua zikinyesha. Kiangazi udongo unashikana."

Anisia akamtazama Innocent.  Innocent aliacha kutafuna karanga. Mama anamjua mwanawe. Kijana yule akiwa hakubali kitu anabisha papo hapo. Anaponyamaza na kuacha kutafuna, anafikiri.

Anisia akaja kwetu, birika bado liko mkononi. Hakumlaumu Makoye, na sisi hatumlaumu. Siku ile ndiye aliyeshika sururu mpaka ngozi ya viganja ikabanduka. Lakini kiangazi hakiko mbali, na lile duara bado liko wazi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa tumeandika kwamba tunaomba vile vitundu vizibwe kwa saruji, na pale mwambani pawekwe kibao kinachoeleza kwa Kiswahili na Kisukuma mlichukua nini na kwa nini. Bado tunaomba. Tulikuwa tumeandika kwamba picha ile ibaki hapa shuleni, watoto waizoee mpaka waione ya kawaida. Bado tunaomba. Na mtakaporudi kutoboa kwingine, chukueni vijana wawili watatu wa hapa muwafundishe kushika ile mashine na kuchora ile mishale wenyewe. Mtu aliyechora mshale kwa mkono wake hawezi kuufuata kwenda kufa. Hatutaji jina la kijana yeyote, ila wengine mguu wao hauwezi tena kazi nzito, na mashine ile tumeona inashikwa mtu akiwa amekaa.

Na kwa watafiti wengine watakaopita nchi hii ya dhahabu, wa mawe, wa maji au wa mimea, tunatoa onyo kwa nia njema: msiweke alama mahali ambapo watu wamekaa wakisubiri alama. Hata nukta. Kwanza kaeni jikoni kwa mtu.

Hayo yote yanaweza kungoja. Lipo moja haliwezi kungoja mpaka gari lako liwashwe, nalo linatoka kwa Anisia mwenyewe. Sisi akina mama tumesema mpaka tumechoka, na vijana wanatujibu kwamba sisi ni watu wa hofu. Ni kweli. Wewe watakusikia.

Anaomba ukisimama kujibu risala hii, usianze na shukrani wala salamu za chuo. Anza kwa kuuliza, kwa upole, ni nani humu ndani bado anaamini kwamba mshale ule au doa lile ni dhahabu. Waambie wanyooshe mikono, na hakuna atakayechekwa. Sisi tutahakikisha hachekwi mtu. Watakaonyoosha usiwakasirikie. Hao ndio uliokuja kuzungumza nao, hata kama hukujua. Wengine sisi tumeshapona.

Na kama yule kijana wa mstari wa tatu, mwenye shati la kijani, atanyoosha mkono wake, tunakuomba umjibu yeye kwanza, na usikae mpaka auteremshe.

Mungu akusimamie njiani mpaka Kahama na mbele ya Kahama, awape afya wanafunzi wako pamoja na Alois ambaye hatuna kinyongo naye, na mawe yote utakayoyatoboa yakuambie kweli.

Ni sisi, Kikundi cha Akina Mama Wachenjuaji Karai Moja,
Busongola, Masumbwe.